Sala Fupi Kabla ya Jibu

Mhariri wa gazeti hili aliponiomba niandike juu ya sala nilikuwa karibu kukataa, kwa maana mimi si padre wala si mchungaji. Kazi yangu ni kulima kahawa hapa Nyakiyumbu. Lakini aliponiambia kwamba hataki mahubiri, ila ataka niwaeleze wanafunzi jinsi mtu awezavyo kuomba wakati wema unapokuwa mgumu kutenda, nikakubali. Jambo hilo nalijua kidogo, kwa kuwa nimelikosea mara nyingi.

Watu wengi hudhani kwamba sala ni kitu cha asubuhi na jioni, au cha Jumapili. Sala hizo ni njema, wala sisemi ziachwe. Lakini ugumu wa kuwa mwema hauji saa ya sala. Waja kwenye bomba la maji, jerikani lako likiwa la tatu katika mstari, na mtu akatia lake mbele. Waja Mpondwe siku ya soko, watu wa pande zote mbili za mto Lhubiriha wakisukumana, shilingi za Uganda na faranga za Kongo zikibadilishwa mkono kwa mkono, na mwenye maharagwe ashikilia kwamba hukumlipa, nawe umemlipa. Waja bwenini usiku, blanketi lako limelowa maji wala hakuna akubaliye kuwa ndiye aliyelimwagia. Hapo huna nafasi ya kupiga magoti. Nafasi uliyo nayo ni pumzi moja tu, kati ya neno lililokuchoma na neno utakalorudisha.

Basi, katika pumzi hiyo yawezekana kuomba? Yawezekana, na mfano wake ni wa kale sana. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Siku moja mfalme alimwona ana huzuni usoni, akamwuliza ataka nini. Swali hilo lilikuwa la hatari, na Nehemia mwenyewe aeleza kwamba aliogopa mno. Kabla ya kujibu alimwomba Mungu, kisha papo hapo akamjibu mfalme. Maneno ya sala hiyo hayakuandikwa, na bila shaka haikuzidi muda wa kumeza mate. Mfalme angeona ameachwa bila jibu.

Wakristo wa zamani waliithamini sana sala ya namna hii. Agustino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo sasa Algeria, alimwandikia barua mjane mmoja jina lake Proba, mwanzoni mwa karne ya 5. Alimweleza kwamba watawa wa Misri waliomba sala fupi fupi, mara nyingi, zikarushwa kwa ghafula kama mtu arushavyo mkuki, ili moyo usije ukapoa katikati ya maneno marefu. Nasi tulio wepesi wa kuhesabu urefu wa sala ya mzee wa kanisa yafaa tukumbuke barua hiyo.

Mimi sikujifunza jambo hili kwa Agustino. Nilijifunza kwa nyanya yangu, mzaa mama. Nilikuwa kijana wa sekondari, nikampeleka katika kituo kimoja cha afya kwa sababu ya mguu uliovimba. Tulifika alfajiri, tukakaa mpaka saa nane mchana. Zamu yetu ilipofika, nesi aliitazama kadi akaitupa mezani, akamkaripia nyanya mbele ya watu wote kwamba alikuja siku isiyo yake, na kwamba watu wa milimani hawajui kusoma. Mimi nilikuwa na jibu tayari, jibu zuri sana, nalikumbuka hata leo. Nyanya alinishika mkono. Nikamsikia akisema chini chini kwa Lhukonzo, si kwangu wala si kwa nesi: “Bwana, huyu naye amechoka.” Kisha akamwuliza yule nesi, “Mwanangu, umekula leo?”

Wasomaji wangependa kusikia kwamba nesi alilia machozi akaomba radhi. Hakulia. Alisema tu kwamba hajala, akaandika kadi upya, akatuelekeza chumba cha pili. Mguu ukatazamwa. Wala nyanya hakusifu yaliyotendeka. Tulipokuwa njiani kurudi alisema kwamba yule binti alikosa adabu, na ya kwamba mtu apaswa kuambiwa hivyo, lakini si na kijana mwenye hasira mbele ya watu. Juma lililofuata alimwambia yeye mwenyewe, kwa faragha.

Nimeifikiri sala ile kwa miaka mingi. Ina maneno manne tu, na ndani yake hakuna ombi lo lote. Nyanya hakumwambia Mungu, “Mbadilishe huyu.” Sala ya kutaka mwenzako abadilishwe, ikisemwa kwa hasira, mara nyingi ni mashtaka yaliyotiwa Amina mwishoni. Yeye alimwonyesha Mungu jambo moja la kweli juu ya mtu aliyemwudhi, na kwa kulionyesha akaliona yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya sala fupi: haigeuzi moyo wa aliye mbele yako, bali yakupa macho ya kumwona kabla hujafungua kinywa.

Iko sala moja isomwayo sana katika shule, iitwayo sala ya Mtakatifu Fransisko, ambayo mwenye kuomba ataka afanywe chombo cha amani. Nayo yaenda njia hiyo hiyo: maombi yake ni juu ya yeye aombaye, si juu ya adui zake. (Sala hiyo si ya Fransisko mwenyewe, aliyefariki mwaka 1226, ilionekana mara ya kwanza kwa Kifaransa mwaka 1912, katika gazeti dogo la Paris liitwalo La Clochette, bila jina la mtungaji. Walimu wangu hawakutuambia habari hii, nami nadhani hawakuijua.) Ni sala nzuri, lakini ni ndefu kwa mtu aliyesimama kwenye bomba la maji.

Sasa, mtu ataitungaje sala yake? Mwite Mungu kwa jina moja ulilolizoea. Sema neno moja la kweli juu ya mwenzako au juu yako. Kama kuna ombi, liwe moja, na liwe la jambo uwezalo kulitenda sasa hivi. Uifunze kinywa chako siku za utulivu, kwa maana saa ya hasira hakuna atungaye kitu. Nami naongeza shauri ambalo halimo katika vitabu: omba kwa lugha unayokasirikia. Ukikasirika kwa Lhukonzo, sala ya Kiingereza itachelewa kufika. Hapa naandika kwa Kiswahili kwa sababu ya ukurasa huu, na kwa ajili ya wenzetu waliosoma nasi kutoka Kasindi na Beni; kila mtu na ageuze kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kwenye mstari wa maji, au wa chakula, mimi husema: “Ee Baba, naye anangojewa nyumbani kwake. Nipe subira ya zamu moja.” Zamu moja tu, kuomba subira ya maisha yote ni rahisi, lakini hiyo ya zamu moja ndiyo itakayojaribiwa.

Shuleni kuna saa ngumu kuliko ya bomba. Ni asubuhi ile ambayo majina ya wasiolipa karo husomwa, na rafiki yako achukua sanduku lake, akipita mbele ya madarasa akitazama chini. Wengi wetu hugeuza macho, tukidhani huo ndio wema, tusimwaibishe. Sala ya saa hiyo yaweza kuwa hivi: “Bwana Yesu, wewe nawe ulikosa pa kulala. Usiache huruma yangu iishie machoni. Ipe mikono kazi.” Na mikono ina kazi nyingi: kumsindikiza mpaka barabarani, kumwandikia masomo yote ya juma katika daftari lake, kumtunzia godoro lisichukuliwe. Tulipokuwa kidato cha tatu mwenzetu mmoja alikaa nyumbani majuma matano. Aliporudi alikuta daftari zake zimeandikwa kwa miandiko minne tofauti. Mwandiko wangu haukuwamo, nami hulikumbuka jambo hilo kila nimwonapo.

Mwezi wa Juni mwaka 2019 sisi wa Bwera tulifundishwa somo jingine. Ugonjwa wa Ebola, uliokuwa ukiua watu Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 2018, ulivuka mpaka pamoja na jamaa moja iliyotoka kumzika mzee wao. Mtoto wa miaka 5 akafariki katika hospitali ya Bwera, na baada yake nyanya yake. Tuliambiwa tusishikane mikono. Kwetu mtu asiyetoa mkono ni mtu mwenye kinyongo, na huko sokoni wengine walianza kuwaepuka Wanande kana kwamba kila mmoja amebeba ugonjwa mfukoni. Hapo wema ulikuwa kusimama mbali kidogo na bado kumsalimu mtu kwa jina, kumwuliza habari za watoto, na kumwambia wasingya, neno la shukrani ambalo Mkonzo na Mnande wote wawili hulitumia. Mchuuzi mmoja wa samaki niliyemfahamu alikuwa akisema kila aliponawa mikono kwa maji ya dawa, “Bwana, nioshe na woga.” Sijui kama yupo aliyemfundisha.

Yako mambo ambayo nayaandika kwa kusitasita. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na bweni likachomwa moto. Wako wasomaji wa gazeti hili waliozika ndugu zao juma lile. Nilikwenda kukaa katika nyumba za misiba, na huko nikasikia watu wema wakisema maneno mabaya kwa nia njema: kwamba Mungu alitaka maua yake, kwamba mama asilie sana, kwamba asamehe upesi. Mama mmoja aliinuka akatoka nje. Tangu siku ile, nikikaribia nyumba ya msiba, sala yangu ni hii: “Bwana, funga kinywa changu, unikalishe.” Kuni zaweza kupasuliwa bila kusema neno, na maji yaweza kutekwa. Habari ya kusamehe ni ya yule aliyefiwa na Mungu wake. Jirani hana ruhusa ya kuidai.

Kadhalika isidhaniwe kwamba sala hizi ni za kumfundisha mtu kuvumilia uovu. Mwanafunzi apigwaye au atendewaye jambo la aibu, asiombe subira akanyamaza. Amwendee mtu mzima amwaminiye, na mwenzake ajuaye akamwombee ujasiri, kisha amsindikize. Huo nao ni wema, tena ni mgumu kuliko kunyamaza.

Apolo Kivebulaya alijua tofauti hiyo. Watu wa upande wetu wa Rwenzori hawamtaji sana, kwa sababu alipita kaskazini mwa mlima. Lakini ni yeye Mganda aliyevuka bonde la Semliki mwaka 1896 kwenda kuhubiri Mboga, ambayo sasa imo Kongo. Tabaro, mtawala wa Mboga, alimpinga sana. Baadaye dada yake Tabaro alikufa kwa kuangukia mkuki, na Apolo akashtakiwa kwamba ndiye aliyemwua, akapelekwa kufungwa Fort Portal. Alipofunguliwa hakusema kwamba aliyofanyiwa yalikuwa haki. Lakini alirudi Mboga ile ile. Tabaro mwenyewe alikuja kuwa Mkristo, naye Apolo alifariki huko huko Mboga mwaka 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, ambako kazi yake ilikuwa haijaisha. Ni maneno gani aliyoomba akiwa njiani kurudi kwa mtu aliyemtesa, hayo ni yake na Mungu wake.

Imebaki sala moja, nayo ndiyo nitumiayo kuliko zote, kwa sababu mara nyingi pumzi ile hunipita na jibu hutoka kwanza. Watu wa Uamsho, wale tuwaitao Balokole, ambao mwendo wao ulienea kutoka Gahini nchini Rwanda mpaka Uganda katika miaka ya 1930, walikuwa na desturi iliyowaudhi wengi: mtu akimkosea mwenzake hakuishia kutubu kanisani, alikwenda mpaka mlangoni kwake akamwambia, na kama aliiba alirudisha. Sala ya jambo hilo ni, “Ee Mungu, nimemwumiza. Nipe miguu.”

Nami juzi nilimjibu vibaya jirani yangu juu ya mbuzi wake aliyeingia katika kahawa yangu. Mbuzi aliingia kweli, na miche sita imeliwa. Lakini nililomwambia halikuhusu mbuzi, lilimhusu marehemu baba yake. Nimeandika ukurasa huu wote nikiitazama nyumba yake ng'ambo ya kijito. Yupo uani, anaanua nguo, na mvua yaja kutoka mlimani. Naacha kalamu hapa.

Mwanafunzi wa Zamani,
Nyakiyumbu