Nafasi ya Upimaji wa Maji ya Uti wa Mgongo katika Utambuzi wa Magonjwa ya Mfumo wa Neva

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka mitatu anafikishwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu, baada ya siku mbili za homa na degedege lililorudi alfajiri. Kipimo cha damu kinaonesha vimelea vya malaria. Katika eneo lenye malaria ya kudumu, jibu hilo huonekana kumaliza shauri. Hata hivyo, katika maeneo hayo hayo watoto wengi hubeba vimelea vya malaria katika damu bila kuugua. Kwa hiyo kuvikuta katika damu ya mtoto aliyepoteza fahamu hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyomfikisha hapo. Bakteria walioshambulia tando za ubongo huweza kuleta homa ile ile, degedege lile lile na usingizi mzito ule ule. Malaria ya ubongo, kwa fasili yake ya kitabibu, hutambuliwa baada ya visababishi vingine kuondolewa, na kisababishi kikuu kinachopaswa kuondolewa, yaani homa ya uti wa mgongo, hakiondolewi kwa kupima damu peke yake. Hutakiwa kupimwa maji yanayouzunguka ubongo.

Makala haya yanafafanua nafasi ya upimaji wa maji hayo katika utambuzi wa magonjwa ya mfumo wa neva, kwa kuzingatia zaidi magonjwa yanayoonekana Afrika Mashariki na Kati. Hoja inayoongoza ni kwamba thamani ya kipimo hiki haimo katika sindano wala katika maabara peke yake. Imo katika mambo mawili: iwapo jibu litabadilisha tiba ya mgonjwa, na iwapo maji yamechukuliwa mapema kiasi cha jibu hilo kumfaa.

2.0 Mahali sindano inapoingia

Kipimo hiki kilianza kama njia ya kupunguza shinikizo kabla ya kuwa njia ya kutambua ugonjwa. Mwaka 1891, Heinrich Quincke, tabibu wa Kiel nchini Ujerumani, alieleza namna ya kuingiza sindano kati ya pingili za kiuno ili kupunguza maji yaliyokuwa yakiukandamiza ubongo. Katika miaka hiyo hiyo, Walter Essex Wynter wa London alikuwa amejaribu njia inayokaribiana na hiyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha tando za ubongo. Jambo lililompa Quincke nafasi ya pekee ni kwamba hakuridhika na kuyatoa maji tu. Aliyapima shinikizo, na pia aliyachunguza yalivyo. Kutokana na uchunguzi huo, njia ya kutuliza ikageuka kuwa njia ya kujua.

Suala la istilahi linahitaji kutajwa hapa kwa sababu lina athari wodini. Katika Kiswahili cha kila siku, "uti wa mgongo" hutaja safu ya mifupa na pia mkanda wa neva unaopita ndani ya mifupa hiyo. Ugonjwa wa tando za ubongo nao huitwa "homa ya uti wa mgongo". Mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe atachomwa sindano ya uti wa mgongo, si ajabu akaelewa kuwa sindano itauchoma mkanda wenyewe wa neva. Ili kuepuka utata huo, makala haya yanatumia "ugwe wa mgongo" kwa mkanda wa neva, na "maji ya uti wa mgongo" kwa ugiligili unaouzunguka ubongo na ugwe huo.

Kwa mtu mzima, ugwe wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au kati ya nne na tano. Mstari unaounganisha ncha za juu za mifupa ya nyonga humwonesha tabibu ilipo pingili ya nne. Kwa mtoto mchanga, ugwe hushuka hadi karibu na pingili ya tatu, na kwa sababu hiyo sindano yake huingia chini zaidi. Katika eneo hilo hakuna ugwe. Kuna nyuzi za neva zinazoelea majini, ambazo kwa kawaida husogea sindano inapopita. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku. Mililita 10 zilizochotwa kwa ajili ya vipimo hurudishwa katika muda wa nusu saa hivi.

3.0 Maji yanavyosomwa

Jibu la kwanza hupatikana kabla ya tone lolote kufika maabara, nalo ni shinikizo. Mgonjwa akiwa amelala ubavu, shinikizo la kawaida la mtu mzima huwa kati ya sentimita 6 na 25 za maji. Kipimo hiki hurukwa mara nyingi, na ndicho ambacho hakiwezi kurudiwa kutoka kwenye chupa. Seli zikihesabiwa vibaya zinaweza kuhesabiwa tena, lakini shinikizo lisilopimwa limepotea hadi sindano nyingine. Pasipo na mrija maalumu wa kupimia, mrija wa dripu uliosimamishwa pamoja na rula huweza kutoa makadirio yanayofaa.

Jibu la pili hutolewa na macho. Maji ya kawaida ni maangavu. Yakiwa na ukungu, huashiria wingi wa seli, hasa katika maambukizi ya bakteria. Yakiwa na damu, hapana budi kuuliza kama damu hiyo ilikuwamo au imeletwa na sindano. Damu ya sindano aghalabu hupungua kutoka chupa ya kwanza hadi ya mwisho. Damu iliyovuja kando ya ubongo haipungui hivyo, na baada ya takriban saa 12 huyaachia maji rangi ya manjano ambayo hubaki hata seli zikishatenganishwa. Kwa mgonjwa aliyepatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, na ambaye picha ya CT haikuonesha kitu au haikupatikana, rangi hiyo huweza kuwa ushahidi pekee wa mshipa uliopasuka.

Baada ya hapo hufuata hesabu ya seli, protini na glukosi. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe zisizozidi 5 katika kila mikrolita, na glukosi ya takriban theluthi mbili ya ile ya damu. Katika maambukizi ya bakteria, neutrofili huongezeka, glukosi hushuka na protini hupanda. Katika maambukizi ya virusi, limfositi ndizo huzidi, na glukosi kwa kawaida haishuki. Kifua kikuu huchanganya alama hizo: limfositi, glukosi ya chini, na protini iliyopanda sana. Ni vema kusisitiza kwamba glukosi ya maji isiyolinganishwa na ya damu iliyochukuliwa wakati huo huo ni nusu ya jibu, kwani mgonjwa wa kisukari na mtoto aliyeshinda njaa watasomwa kimakosa.

Seli nazo hazingoji. Neutrofili huanza kuharibika muda mfupi baada ya maji kuchotwa. Katika joto la kawaida la chumba, takriban theluthi yake huweza kutoweka ndani ya saa moja na nusu yake ndani ya saa mbili. Chupa iliyokaa dirishani ikisubiri mhudumu wa zamu inayofuata itatoa jibu, ila litakuwa jibu la maji mengine.

Wakati mwingine kinachofundisha ni kile kisichokuwamo. Mwaka 1916, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl walieleza habari za askari wawili wa Ufaransa waliopooza, ambao maji yao yalikuwa na protini nyingi huku seli zikiwa chache. Tofauti hiyo bado husaidia kutenganisha kupooza kwa neva za pembeni na maambukizi ya ugwe, ingawa katika wiki ya kwanza ya ugonjwa protini inaweza kuwa ya kawaida na kumpotosha tabibu mwenye haraka.

4.0 Kriptokokasi: sindano inayotambua na kutibu

Hakuna ugonjwa unaoonesha uzito wa kipimo hiki katika ukanda huu kuliko maambukizi ya kuvu aina ya kriptokokasi kwenye tando za ubongo, ambayo huwapata zaidi watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Dalili zake huanza polepole: kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa, kisha kuona vibaya, kisha kuchanganyikiwa. Shingo inaweza isikakamae. Seli zinaweza kuwa chache kiasi cha maji kudhaniwa ni ya kawaida, kwa kuwa mwili usio na kinga hauna askari wa kupeleka. Atakayetegemea hesabu ya seli peke yake atamrudisha mgonjwa nyumbani na dawa ya maumivu. Wino wa India chini ya hadubini huionesha kuvu ikiwa imezungukwa na utando mweupe, lakini hukosa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye vimelea vichache. Kipimo cha antijeni cha kriptokokasi hutambua wengi zaidi, tena kwa dakika chache.

Kinachoua hapa si kuvu peke yake. Vimelea na utando wao huziba njia za maji kurudi katika damu, na shinikizo hupanda hadi kuukandamiza ubongo na neva za macho. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba shinikizo likiwa sentimita 25 au zaidi, maji yapunguzwe hadi lishuke chini ya sentimita 20, au hadi nusu ya kiwango cha awali likiwa juu mno, na sindano irudiwe kadiri dalili zinavyodai, hata kila siku. Mwaka 2022 Shirika hilo lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu pamoja na flusitosini na flukonazoli, kufuatia majaribio yaliyofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Dawa zimekuwa bora, lakini hazikuondoa haja ya sindano. Mgonjwa aliyepewa dawa zote na kunyimwa upunguzaji wa shinikizo anaweza kupofuka au kufa huku kuvu ikipungua.

5.0 Malale: pale jibu lilipoacha kubadilisha tiba

Mfano wa malale unakwenda upande wa pili. Kwa miongo mingi, kila aliyethibitika kuwa na ugonjwa huu alichomwa sindano ya kiuno. Sababu ilikuwa nzito. Dawa za hatua ya kwanza hazikuweza kuufikia ubongo ipasavyo, na dawa ya hatua ya pili, melasoproli, ina arseniki na iliua takriban mgonjwa mmoja katika kila 20 waliotibiwa nayo. Chembe nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita ya maji, au vimelea vyenyewe kuonekana humo, ndivyo vilivyoamua nani apewe sumu hiyo na nani aepushwe nayo. Baada ya tiba, mgonjwa alirudi kuchomwa kila miezi sita hadi miaka miwili.

Kuja kwa feksinidazoli, dawa ya kumeza, kulibadili hesabu hiyo, kwa kuwa hufanya kazi katika hatua zote mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 uliruhusu sindano iachwe kwa wagonjwa wa malale ya aina ya gambiense, inayopatikana zaidi Kongo, ambao hawana dalili za ugonjwa uliokithiri. Mwaka 2024 dawa hiyo iliingizwa pia katika tiba ya aina ya rhodesiense, ile ya Tanzania, Malawi na Zambia. Maji hayajapoteza uwezo wa kuonesha hatua ya ugonjwa. Kilichopungua ni maamuzi yanayoyategemea. Kulinganisha ugonjwa huu na kriptokokasi kunadhihirisha kwamba kumchoma kila mgonjwa kwa mazoea ni kosa sawa na kuacha kumchoma anayehitaji.

6.0 Hofu na ucheleweshaji

Katika hospitali za nchi kadhaa za ukanda huu, zikiwamo Uganda na Zambia, kukataa sindano ya kiuno kumeripotiwa kuwa kikwazo kikubwa, na sababu inayotajwa sana na ndugu wa wagonjwa ni kwamba sindano hiyo huua au hupoozesha. Imani hii si ujinga wa kupuuzwa. Imejengwa juu ya kitu kilichoonekana: jirani alichomwa, na jirani akafa. Kisichoonekana ni kwamba alichomwa siku ya sita, akiwa ameshapoteza fahamu. Ndugu hukataa hadi hali iwe mbaya, sindano hufanyika wakati nafasi ya kupona imepungua, kifo hufuata, na wodi nzima hupata ushahidi mwingine. Ucheleweshaji huzaa hofu, nayo hofu huzaa ucheleweshaji.

Hatari za kweli zipo na hazifai kufichwa. Uvimbe au jipu la ubongo linaloashiriwa na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, damu isiyoganda, maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma, na mgonjwa ambaye pumzi au mzunguko wake wa damu haujatulia, ni sababu za kuahirisha. Maumivu ya kichwa baadaye ndiyo madhara ya kawaida zaidi. August Bier aliyapata mwilini mwake mwaka 1898 alipojaribiwa ganzi ya uti wa mgongo. Sindano zenye ncha butu zimeyapunguza kutoka takriban asilimia 11 ya wagonjwa hadi asilimia 4, ingawa ni wodi chache zinazokuwa nazo. Kumlaza mgonjwa chali kwa saa nyingi, desturi inayoendelea hadi leo, hakujathibitika kuyazuia.

Kuahirisha sindano, hata hivyo, si kuahirisha tiba. Inaposhukiwa homa ya uti wa mgongo ya bakteria, antibaiotiki hutolewa mara moja, na maji huchukuliwa baadaye. Uoteshaji wa vimelea unaweza kushindwa saa chache tu baada ya dozi ya kwanza, lakini seli, protini na glukosi huendelea kutoa ushahidi.

Yanabaki maneno yanayosemwa kando ya kitanda. "Tunataka kumtoboa mtoto uti wa mgongo" ni sentensi fupi, na mzazi anayeisikia ana haki ya kuogopa. "Mama, tunaomba kuchota maji kidogo hapa chini ya kiuno, mahali ambapo ugwe wa mgongo umekwisha, mwili utayarudisha kabla ya saa moja kupita, bila maji hayo hatutajua kama ni malaria peke yake au kuna ugonjwa mwingine unaohitaji dawa tofauti, dawa za kuanzia tumeshampa" ni sentensi ndefu zaidi, na kuitamka hakufiki dakika moja.