Mcheza Kwao Hakutuzwa

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Wapenzi wa mchezo wa kompyuta uitwao Diablo wana haki ya kulitilia shaka neno hilo.

Sehemu ya pili ya mchezo huo ilitoka mwaka 2000. Ya tatu ikangojewa kwa miaka 12. Ilipotolewa tarehe 15 Mei 2012, nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza. Kumbe mitambo ya kampuni ya Blizzard ingelemewa! Wengi walipobisha hodi, walijibiwa kwa ujumbe wa hitilafu nambari 37. Hata aliyetaka kucheza peke yake kwenye kompyuta yake alilazimika kuunganishwa na intaneti muda wote. Soko la mnada, ambako silaha za mchezoni ziliuzwa kwa fedha halisi, nalo lililaumiwa kwa kuondoa utamu wa kuzitafuta, likafungwa Machi 2014.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi wa Eldoret? Yatuhusu sana. Hapa umeme hukatika na mtandao hupotea bila taarifa. Kijana aliyedunduliza akiba yake hubaki akikodolea macho kioo cheusi.

Kwa mwanaisimu, kiini cha mgogoro ni kitenzi "kununua". Ukinunua jembe, ni lako hata muuzaji akifunga duka. Kitu unachohitaji idhini ya muuzaji kila ukitakapo kukitumia hukukinunua, umekikodi. Basi na tuambiwe ukweli mapema, kabla ya kufungua mkoba.