Usiingoje Mvua Ikuonyeshe Ufa

Miongoni mwa neema ambazo mwanadamu huzizoea mpaka akasahau kuwa ni neema ni nyumba anayolala. Katika Suratun Nahl Mwenyezi Mungu amezihesabu nyumba pamoja na neema Zake, kwa kuwa ndani yake mtu hupata utulivu. Lakini nyumba haijitunzi yenyewe. Anayeamka usiku wa masika kuhamisha godoro la mtoto kutoka pembe hii kwenda pembe ile ajua vyema jinsi utulivu huo unavyoondoka tone kwa tone. Basi katika makala haya twapenda kumkumbusha ndugu msomaji, na hasa yule anayekaa katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na wazee wake, mambo machache ya kutenda kabla mvua hazijaanza.

ADUI NI MAJI, SI UZEE

Mara nyingi twasikia mtu akisema kuwa nyumba yake imezeeka, na kwa hivyo haina budi kuanguka. Maneno haya ni udhuru zaidi kuliko ukweli. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika mji wa kale wa Lamu, miji ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na mwaka 2001, zimo nyumba zilizopita miaka 100 na zingali zikikaliwa. Karibu nazo yamo magofu ya nyumba zilizojengwa kwa mawe ya namna ile ile na kwa ufundi ule ule. Tofauti yao aghalabu ni moja: hizi zilikingwa maji, na zile ziliachwa zikayanywa.

Ili tulifahamu jambo hili yatupasa kujua nyumba hizo zimejengwaje. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Ni kuta nene, nazo zina vinyweleo: hunyonya unyevu, kisha huutoa nje kwa jua na upepo. Juu ya kuta zimelazwa boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti moja haivuki nafasi kubwa, yapata mita 2.5 hadi 3 tu, ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta, na hapo ndipo penye hatari. Ukuta ukilowa na ukabaki mbichi, ncha ya boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Katikati ya chumba boriti yaonekana nzima, kumbe mwisho wake umekwisha kuwa unga. Siku sakafu inaposhuka watu husema imeanguka ghafula, nayo ilikuwa ikianguka miaka mingi.

Wala tusiyadharau maji ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50 huteremsha lita 5,000. Maji hayo yakipita mlizamuni mpaka birikani ni riziki ya nyumba. Mlizamu ukiziba kwa majani, maji yale yale humwagikia ukutani, mahali pamoja, mvua baada ya mvua.

WAKATI WA KUTAZAMA

Wengi wetu tuna desturi njema ya kusafisha nyumba na kuipaka chokaa kabla ya Ramadhani au Idi. Lakini mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11. Ramadhani iliyoanza mwanzoni mwa Machi 2025 itaanza mwanzoni mwa Januari ifikapo 2030; na masika ya pwani hayatasogea pamoja nayo, bali yatabaki kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hivyo chokaa ya Idi na ipakwe kwa furaha ya Idi, ama ukaguzi wa nyumba na ufuate mvua. Mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba ndiyo miezi ya kuikagua, kwani fundi hupatikana na ukuta ni mkavu.

MAMBO YA KUTAZAMA

Kwanza ni paa. Apande fundi, au kijana mwenye uangalifu, na mtu mwingine aishike ngazi chini. Wala asipandishwe mtu siku ya mvua au ya upepo. Atazame mabati yaliyoliwa na kutu, misumari iliyolegea, na mahali paa linapokutana na ukuta, maana hapo ndipo panapovuja zaidi. Kisha asafishe mlizamu, amwage ndoo ya maji, atazame yanatokea wapi.

La pili ni mimea. Ndege huleta mbegu za miti ya jamii ya mtini, nazo huota katika nyufa za ukuta na juu ya paa. Mche wenye majani mawili hung'olewa kwa vidole. Ukiachwa miaka michache, mizizi yake huyatenganisha mawe. Na hapo usiung'oe kwa nguvu, kwani utang'oka pamoja na ukuta. Ukatwe, mzizi wake uuliwe, kisha fundi aujenge upya ukuta mahali palipolegea.

La tatu ni nyufa. Chukua kalamu ya risasi, weka alama katika ncha zote mbili za ufa, na uandike tarehe. Baada ya mwezi tazama tena. Ufa mwembamba kama unywele ulio katika lipu tu si wa kutisha. Lakini ufa unaorefuka, unaopenya upande wa pili, au unaokuja pamoja na mlango ulioanza kukwama, huo ni wa kuitiwa mhandisi. Na ukiona ukuta umetokeza tumbo, au dari imebonyea, au unga wa chokaa na mbao waanguka kila siku mahali pamoja, watu wahame chumba hicho na kile kilicho chini yake siku hiyo hiyo. Tusidhani kuwa ukubwa wa jumba ni kinga. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku kazi ya kuitengeneza ikiendelea, na watu 2 wakafariki.

La nne ni bafu na mabomba. Nyumba za kale hazikujengwa kwa kuchukua mabomba na mapipa ya maji ghorofani. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 4 kwa siku, nazo ni lita 1,500 na zaidi kwa mwaka. Tone hilo likianguka katika beseni hasara ni ya maji. Likianguka nyuma ya ukuta hasara ni ya boriti. Mama wa nyumba ndiye aghalabu aonaye doa la kwanza katika dari. Basi neno lake lisipuuzwe.

La tano ni mchwa. Tazama vijia vya udongo vinavyopanda ukutani, na gonga miimo ya milango na boriti kwa mpini wa kisu. Mti ulioliwa hulia kama kitu kitupu. Vunja kijia kimoja, na kikijengwa tena baada ya siku chache, ujue wamo kazini, umwite ajuaye dawa yao. Usirundike kuni, mbao wala makaratasi kando ya ukuta.

La sita ni umeme. Maji yakidondoka karibu na taa au swichi, zima umeme wote katika swichi kuu, ikiwa waweza kuifikia pasipo kukanyaga maji. Usiguse kitu, umwite fundi mwenye leseni.

UFA UZIBWE KWA NINI?

Wazee wetu walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli. Lakini katika zama zao ufa ulizibwa kwa chokaa. Siku hizi fundi huja na mfuko wa saruji, akauziba ufa na kuupiga lipu ukuta mzima, nasi tukamshukuru kwa kuwa kazi yake yang'aa. Baada ya misimu michache lipu hubanduka, na jiwe la ndani hubanduka nalo.

Sababu yake si uchawi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, nayo haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea, hivyo hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Chumvi iliyomo katika maji hayo huganda ndani ya ukuta, na punje zake zikikua huusukuma na kuuvunja uso wa jiwe. Rangi ya mafuta hufanya jambo hilo hilo. Kwa ukuta wa chokaa, dawa ni chokaa.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko fedha. Chokoa ufa mpaka ufike pagumu, utoe vumbi kwa brashi, urashie maji. Changanya fungu 1 la chokaa iliyozimwa kwa mafungu 3 ya mchanga safi, wala usitumie mchanga wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi. Jaza kwa tabaka nyembamba, kila moja ishike kabla ya kutia nyingine, na ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka mbio hupasuka. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, kwa wiki nyingi. Ndiyo maana mwenye kuanza kazi hii mvua zikiwa mlangoni amechelewa.

Chokaa pia ni kitu cha kuogopwa. Chokaa mbichi ikitiwa majini huchemka na kuruka. Kazi hiyo aiache fundi aifanye, na watoto wawe mbali. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja.

Wenye nyumba za matofali ya saruji wasidhani kuwa maneno haya hayawahusu. Kwao saruji ni mahali pake, walakini chumvi ya mchanga wa ufukweni hula nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu huvimba na kuipasua zege. Ufa unaotoka maji mekundu ya kutu si wa kufunikwa kwa rangi.

NYUMBA YA WATU WENGI

Yote tuliyoyataja yawezekana. Basi kwa nini nyumba nyingi zaendelea kuanguka? Jawabu moja twalijua sote, ijapokuwa hatupendi kulisema: nyumba ya urithi ni ya wote wakati wa kugawana kodi, na si ya mtu wakati wa kuvuja. Dada anayekaa na mama mzee huhesabiwa kuwa anakaa bure, basi atengeneze yeye. Ndugu aliye Oman au Uingereza hupeleka fedha za harusi na za hitima, lakini za mabati hujibu atatazama.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki, na baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, ameacha mke, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Mke ana thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Mafungu 7 yaliyobaki ni ya watoto: kila mwanamume 2, kila mwanamke 1. Ikiwa matengenezo yatagharimu shilingi 800,000, na wote wameridhia kuchangia kwa kadiri ya mafungu yao, basi mama atatoa 100,000, kila binti 100,000, na kila mwana 200,000. Hesabu hii haitaki mwanachuoni mkubwa. Yataka watu wakae pamoja saa moja.

Twawashauri ndugu wenye nyumba za namna hii wafanye mambo matatu. Wamchague mmoja wao kuwa msimamizi, na mapatano yao yaandikwe mbele ya mashahidi. Kama nyumba ina kodi, fungu la matengenezo litolewe kwanza, kisha ndipo wagawane. Na kila shilingi inayotumika iandikwe, kwani fedha isiyoandikwa huvunja udugu kabla mvua haijavunja ukuta. Wakishindwa kupatana, na waende kwa kadhi mapema, nyumba ingali imesimama, kuliko kwenda kugombania kiwanja chenye kifusi.

Basi ndugu msomaji, ikiwa masika yako mbali, una wakati wa kutosha. Na ikiwa yako karibu, anza na mlizamu leo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza nyumba tulizopewa, tuwaachie watoto wetu kuta zilizosimama na udugu usio na ufa. Amin.