Mzee ni wa Miaka Mingapi? Kitambulisho, Inua Jamii na Haki za Wazee wa Kwale

Kuanzia Vanga hadi Kinango, swali hili halikosi barazani: nimetimiza miaka 63, mbona sipati pesa za wazee? Jibu ni kwamba kuna hesabu mbili. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 260, inamtambua mzee kuwa mtu aliyepita miaka 60. Mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, huanza katika miaka 70. Kwa miaka hiyo kumi ya katikati, mtu ni mzee wa Katiba lakini si mzee wa Inua Jamii, na kosa si la chifu.

Hata hivyo haki nyingine hazingoji miaka 70. Ibara ya 57 inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Familia imetajwa humo, na si kwa bahati. Mwana anayefanya kazi hoteli ya Diani hawezi kusema mamake sasa analelewa na Inua Jamii. Shilingi 2,000 haziwezi kumlea mtu mwezi mzima, na sote tunajua bei ya unga.

Wazee wengi hukwama kwenye umri. Inua Jamii haihesabu mvi. Husoma tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho. Waliozaliwa nyumbani miaka ya 1940 na 1950 wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Wakati wa kuandikishwa walitaja mwaka wa kukisia, na mwaka huo ndio unaowafuata hadi leo. Mzee anaona wa rika lake wakipokea, ilhali karatasi inasema yeye ana miaka 64.

Kwa Wamakonde na Wapemba wa pwani yetu, hata karatasi hiyo ya kukisia ilichelewa. Wazazi wa Wamakonde walitoka Msumbiji kabla ya Uhuru, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa hapa na kuzika hapa, bila uraia. Oktoba 2016 wanajamii hao waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi, walitambuliwa rasmi mwaka 2023, wakati wa Rais William Ruto. Mtu aliyepata kitambulisho akiwa na miaka 68 alifanya kazi umri wake wote bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina lake, bila kura. Hawezi kurudi nyuma akachangie NSSF ya miaka 40. Ndiyo sababu tarehe itakayoandikwa kwenye kitambulisho chake ina uzito mkubwa kuliko kwa mwingine yeyote.

Kwa hivyo, kama kuna mzee nyumbani ambaye hajapata kitambulisho, anzeni kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu. Asipokuwa na cheti cha kuzaliwa, hospitali ya umma inaweza kumkadiria umri. Hakikisheni tarehe iko sawa kabla fomu haijaondoka. Kuirekebisha baadaye ni safari ndefu na huhitaji ushahidi.

Inua Jamii yenyewe ni ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haiandikishi wala hailipi. Anayekuomba ada ili “akuwekee jina”, hata akijitaja kuwa wa ofisi zetu, ni tapeli. Muone naibu chifu, kisha afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Usajili hufanywa kwa awamu, hivyo kutimiza miaka 70 hakukuingizi moja kwa moja, na anayelipwa pensheni ya serikali hastahiki. Asiyejiweza anaruhusiwa kuwa na mtu wa kumsaidia kupokea. Mchagueni hadharani, familia nzima ikijua.

Kuna pia wazee ambao karatasi zao ziko sawa na bado hawapati usingizi. Kwale, kama jirani zetu wa Kilifi, imezika wazee waliouawa baada ya kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo pana shamba. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ingali inatumika: kumtangaza mwenzako kuwa mchawi, au kumtisha kwamba utamtangaza, ni kosa la jinai. Mwenye shaka ana polisi na chifu wa kumwendea, si umati. Na shamba? Iwe mbele ya Kadhi au katika mahakama nyingine, hakuna anayemrithi mtu aliye hai. Mzee anayeshinikizwa kugawa ardhi leo ana haki ya kukataa.

Wengi hunyamaza kwa sababu anayewatisha ni mwana au mpwa wao. Jirani anaweza kuripoti kwa niaba yao, katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa kupiga 999 au 112. Ukiripoti kituoni, omba nambari ya OB na uihifadhi.