Picha na foto: majina mageni, kitendo cha Kiswahili

Neno la Kifaransa photographie limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, phos, yaani mwanga, na graphein, yaani kuandika au kuchora. Jina hilo lilienea Ulaya tangu mwaka 1839, John Herschel alipolitumia mbele ya Royal Society huko London. Kwa njia ya Kifaransa Wakongo wakapata foto. Watu wa pwani walikwisha kupata picha kutokana na neno la Kiingereza picture. Basi mwalimu afutaye foto katika insha ya mwanafunzi wa Lubumbashi na kuandika picha hafukuzi ugeni. Humwondoa mgeni mmoja akamkaribisha mwingine.

Ajabu ni kwamba maneno ya Kiarabu yalikuwa tayari nyumbani. Sura, ambayo kwa Waarabu humaanisha pia picha, katika Kiswahili ilibaki na uso na umbo. Taswira, ya mzizi uleule, ikaelekea kwenye mawazo na fasihi.

Kitendo, hata hivyo, hakikuazimwa. Mfaransa na Mwingereza “huchukua” picha; Mswahili huipiga, kama apigavyo simu, chapa au hodi. Lubumbashi nako foto hupigwa, ingawa katika matamshi ya mjini kupiga husikika kama kupika.