Bwana Afya na Kazi Isiyoonekana

Watu wengi wakisikia neno afya hufikiri habari ya hospitali, dawa na sindano. Si ajabu, maana mgonjwa apatapo nafuu humshukuru mganga wake. Lakini yuko mtumishi mwingine ambaye kazi yake ikienda vema hakuna aionaye. Huyo ni afisa wa afya ya jamii, ambaye wazee wengi hata leo humwita Bwana Afya, ijapokuwa siku hizi mabibi pia wamo kazini. Yeye hukagua hoteli na maduka ya vyakula, hutazama visima na vyoo, na ugonjwa wa kuambukiza ukizuka huwatafuta wote waliokuwa karibu na mgonjwa.

Wenyeji wa Kitale na Bungoma wana sababu yao ya kumhitaji mtu huyu. Mwezi wa Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua homa kali, akapelekwa Nairobi, akafa. Daktari aliyemtibu aliambukizwa, ila yeye akapona. Ugonjwa huo ulikuwa Marburg, ulio jamaa ya Ebola. Kabla ya kuugua mtu yule alikuwa amezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon, upande wa Kitale, ambamo ndovu huingia kutafuta chumvi mwambani. Mwaka wa 1987 kijana mmoja aliyezuru pango lilo hilo alikufa kwa ugonjwa uo huo. Tena mwaka wa 2007 wataalamu waligundua virusi vya Marburg katika popo wa pangoni humo.

Hatari nyingine hutoka ng'ambo ya mpaka. Tarehe 30 Januari 2025 Uganda ilitangaza kwamba Ebola imezuka. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa muuguzi wa Kampala, naye kabla ya kufa alikuwa amekwenda kutafuta matibabu hata Mbale. Kutoka Mbale hadi Lwakhakha, mpakani mwa Bungoma, si mbali, na watu huvuka kila siku kwa biashara na kwa udugu. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili.

Basi afisa wa namna hii hupatikanaje? Chuo cha Mafunzo ya Uganga cha Kenya kilianza Nairobi mwaka wa 1927, na leo kina matawi Kitale na Bungoma pia. Mwanafunzi aliyemaliza shule ya sekondari husoma miaka mitatu kupata stashahada, kisha yampasa kuandikishwa na baraza lililowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2013.

Lakini chuo hakimfundishi kila kitu. Ni kisima kipi hukauka Januari, wavukao mpaka usiku hupitia wapi, ni mzee yupi akisema neno watu humsikiliza: hayo hujifunza kwa kutembea mitaani miaka mingi. Akiondoka, ujuzi huo huondoka naye, na mgeni ajaye huanza upya. Kwa hiyo kumweka kazini kwataka fikira nyingi kama kumfundisha, na kwa maoni yetu hapo ndipo penye udhaifu.

Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Mwaka wa 2017 wauguzi waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi. Mwaka wa 2020 watumishi wengi wa afya waliajiriwa kwa mkataba wa miaka mitatu tu. Na mtu asiyejua atakuwa wapi mwaka ujao atazamie nini? Mwaka wa 2021 Kenya ilipatana na Uingereza ili wauguzi waende kufanya kazi huko.

Chini ya maafisa hao wako wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchini, waliopewa vifaa mwaka wa 2023. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti. Hao ndio husikia kwanza kwamba nyumba fulani ina homa. Posho ikichelewa, ziara hupungua, na habari humfikia afisa ikiwa imechelewa vilevile.

Bajeti ya kaunti hujadiliwa mbele ya wananchi kila mwaka. Msomaji akihudhuria aweza kuuliza maafisa wa afya wa wadi yake ni wangapi, wangapi wana kazi ya kudumu, na posho ililipwa mara ya mwisho mwezi gani.