Si Vumbi, Si Mvua: Ni Mlango Tulioacha Wazi



Siku ile mvua ilianza kabla ya saa nne asubuhi, mvua ya Eringeti ambayo ikipiga mabati mwalimu hasikiki tena. Sisi walimu wawili wa darasa la tatu tulifunga mbao za madirisha, tukasogeza viti mbali na ukuta unaovuja, na watoto wote wakabanana katikati. Mmoja wao alikuwa na homa. Macho yake yalikuwa mekundu, pua inatoka maji, tena anakohoa. Tulifikiri kumrudisha kwa mama yake, lakini kwao ni mbali na mvua ilikuwa kali. Tukasema, "Akae hapa kwenye joto mpaka mvua ikatike." Tuliona tunamhurumia.

Siku tatu baadaye vipele vilimtoka usoni. Ilikuwa surua. Na kama siku kumi baada ya mvua ile, watoto wengine wanne wa darasa letu walishikwa na homa. Mmoja wao alilazwa siku nyingi. Tulikwenda kumtazama tukiwa na aibu moyoni. Mungu ashukuriwe, wote wamepona.

Katika mkutano wa kikundi, habari hiyo ilizusha maneno. Mama mmoja alisema surua ile imeletwa na baridi ya mvua. Mwingine akakataa: surua ni ya vumbi, la Januari na Februari, wakati barabara ya Oicha inapokauka. Kisha mama wa tatu akauliza, "Kama ni baridi au ni vumbi, chanjo itasaidia nini? Nani anaweza kumchanja mtoto asipatwe na vumbi?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu mama huyo ana mtoto wa miezi kumi ambaye bado hajachanjwa.

Ndiyo maana tunaandika.

Mbegu na njia

Mahindi hayaoti shambani kwa sababu mvua imenyesha. Yanaota kwa sababu kuna aliyepanda mbegu, na mvua ikaikuta. Magonjwa ya virusi ni hivyo hivyo. Virusi ndiyo mbegu yenyewe, na lazima itoke kwa mtu mgonjwa, kwa mnyama au kwa mbu aliyeibeba. Vumbi halizai virusi, baridi pia haizai. Lakini hali ya hewa inabadilisha mambo mengi: watu wanakaa wapi, maji yanatuama wapi, mbu wanazaana kiasi gani, wanyama wa msitu wanakutana na sisi wapi. Kwa hiyo ugonjwa ukitokea, tusiulize tu kama ni kipindi cha mvua au cha jua. Tuulize: umepita njia gani?

Njia ya hewa: surua

Virusi vya surua vinatoka kwa pumzi na kikohozi cha mgonjwa, na vinaweza kubaki katika hewa ya chumba mpaka saa mbili, hata mgonjwa mwenyewe akiwa ameondoka. Kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa hivi wataambukizwa. Tena mgonjwa anaanza kuambukiza wengine siku nne kabla ya vipele kuonekana. Mtoto wetu alipokaa darasani na macho mekundu, alikuwa tayari anawagawia wenzake.

Je, yule mama wa vumbi alikosea kabisa? Hapana, alikuwa ameona kitu cha kweli. Katika nchi nyingi za Afrika, surua huongezeka wakati wa jua. Wataalamu wamegundua kwamba virusi vyake huishi muda mrefu zaidi katika hewa kavu. Isitoshe, barabara zikikauka watu husafiri, masoko hujaa, familia hutembeleana. Yule wa baridi naye aliona kitu cha kweli: mvua inawafungia watoto ndani, madirisha yamefungwa, wanavuta pumzi moja. Jua lina njia yake, mvua ina njia yake. Na sisi wa huku tuna njia ya tatu isiyongoja msimu wowote: vita. Familia zikikimbia, nyumba ya watu sita hupokea watu kumi na tano. Kati ya wale watoto wanne waliougua, watatu ni wa familia zilizokimbia, zikaacha kadi za chanjo pamoja na vyombo vyote.

Tukumbuke mwaka 2019. Wakati macho yote yalikuwa kwa Ebola hapa kwetu, surua ilikuwa ikipita katika nchi yetu nzima. Mpaka mwanzo wa 2020 wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kama 310,000, na waliokufa walizidi 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola ya huku kwetu, katika karibu miaka miwili, iliua watu 2,287. Lakini surua ni ugonjwa tunaouzoea, kwa hiyo hatukimbii tunapouona.

Njia ya maji: mbu wa mchana

Watu wengi hufikiri kwamba mvua nyingi ndiyo inaleta mbu, na kwamba ukame unatupumzisha. Tazameni mambo mawili yaliyotokea Kenya.

Mwisho wa mwaka 2006 mvua kubwa ilifurika katika eneo kavu la Garissa. Huko, mayai ya mbu hulala katika udongo wa mabonde miaka mingi, mengine yakiwa tayari na virusi vya homa ya Bonde la Ufa ndani yake. Maji yalipojaa, mayai yaliamka. Mbu waliuma ng'ombe na mbuzi, mimba za wanyama zikatoka, na watu waliogusa damu yao wakaugua. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Lakini miaka miwili kabla, mwaka 2004, kisiwa cha Lamu kwenye pwani ya Kenya kilikumbwa na ugonjwa wa chikungunya, homa inayokunja viungo mpaka mtu anatembea ameinama. Watatu kati ya kila wanne waliambukizwa. Na wakati ule hakukuwa na mafuriko. Kulikuwa na ukame. Maji yalipokosekana, kila nyumba ilijaza mapipa na mitungi, ikayaweka siku nyingi. Mbu wa chikungunya anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, basi alizaliana ndani ya nyumba. Ni mbu yule yule anayebeba homa ya manjano.

Mafuriko huku, ukame kule, na ugonjwa ukafika pote. Mlango ulikuwa maji yaliyotuama.

Hapa Eringeti maji hayo yako uani kwetu: bidoni lisilo na kifuniko, tairi la pikipiki, kopo lililotupwa, maganda ya kakao yaliyorundikwa baada ya kuvuna. Mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mtoto anayelala mchana naye alale ndani ya chandarua. Mayai yake hukaa makavu kwenye ukuta wa chombo miezi mingi, yanangoja maji. Kumwaga maji tu ni nusu ya kazi. Lazima kusugua.

Njia ya msitu: Ebola

Tunaishi mahali ambapo mashamba yanaingia msituni. Wataalamu wanawashuku popo wanaokula matunda kuwa ndio wenye kutunza virusi vya Ebola, na wamechunguza wakaona kwamba mara nyingi ugonjwa umetokea pale ambapo msitu umekatwa sana miaka michache kabla. Mti ukianguka, mnyama anahamia karibu na sisi, au sisi tunahamia karibu naye. Kwa hiyo mnyama aliyekutwa amekufa msituni asiguswe wala asiletwe jikoni, hata njaa ikiwa kali. Watoto wanaotangulia kumwona waje kuita mtu mkubwa.

Lakini baada ya virusi kuingia kwa mtu wa kwanza, haviulizi tena msimu. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya wagonjwa kuonekana Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Katikati tulipita mvua, tukapita jua, tukarudia tena. Ulisambaa kwa mikono iliyomwosha maiti, iliyomshika mgonjwa, na katika vyumba vya matibabu. Mara nyingi ilikuwa mikono ya mama, kwa sababu ni sisi tunaouguza. Ulizuiwa kwa chanjo, kwa sabuni na maji, kwa mazishi ya uangalifu, na kwa mgonjwa kupelekwa mapema.

Wiki hii tufanye nini?

Mvua hatuwezi kuipangia saa. Milango tunaweza kuifunga.

Kwanza, tutafute kadi za chanjo. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifika miezi 9, pamoja na ile ya homa ya manjano, na kuna ya pili ya surua katika mwaka wa pili. Aliyepoteza kadi wakati wa kukimbia asione haya. Aende kituo cha afya au amwambie reko wa kata yake. Kila mwenye kupokea wageni waliokimbia awaulize kuhusu watoto.

Pili, mtoto mwenye homa na macho mekundu abaki nyumbani, apelekwe kituo haraka. Huko hupewa vitamini A, inayolinda macho na maisha yake.

Tatu, kila Jumamosi, siku ya salongo, tumwage na kusugua vyombo vya maji, tufunike bidoni, tufukie maganda ya kakao. Yai la mbu huchukua kama wiki moja kuwa mbu, basi mara moja kwa wiki inatosha kumkata njia.

Na sisi walimu tumefanya agano letu. Mvua ikinyesha, dirisha la upande usiopigwa na mvua litabaki wazi, hata kama daftari zitalowa kidogo. Mtoto mgonjwa atakaa barazani chini ya paa, mwalimu mmoja pamoja naye, mpaka mama yake afike.

Yule mama wa mtoto wa miezi kumi tulimsindikiza kituoni Jumatano. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyonya, akalala.